Kodi ya Parsele: Inaenda Wapi, na Nani Anaweza Kuona?



Katika somo la uraia tumefundishwa kwamba kila Mkongomani ana wajibu wa kulipa kodi. Ni kweli. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema hivyo katika kifungu cha 65. Lakini tukitoka darasani, swali linalobaki vinywani si la wajibu. Ni hili: "Sawa, baba analipa. Kisha ile makuta inaenda wapi?" Wengi wanajibu kwa neno moja tu: "Inakulwa." Jibu hilo ni rahisi mno, na pengine si haki kwa watu wote wanaofanya kazi ya kodi. Lakini mtu anayesema vile hana karatasi ya kumwonyesha kwamba anakosea, na yule anayempinga hana karatasi pia. Wote wawili wanabishana gizani. Katika toleo hili tunataka kueleza jambo hili polepole, maana tunaona wengi wetu tunaijua kodi upande mmoja tu, ule upande wa kutoa.

KODI GANI?

Tunasema hapa juu ya kodi ya nyumba na parsele, ile ambayo kwenye karatasi za Leta inaitwa kwa Kifaransa "impôt foncier". Msingi wake ni ordonnance-loi namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969. Imetengenezwa upya mara nyingi tangu siku ile, lakini namba yake ingali inaonekana kwenye karatasi. Inasema kwamba mwenye nyumba au mwenye parsele analipa kila mwaka, hata kama parsele haijajengwa. Kiasi kinafuata aina ya jengo na daraja la mahali: nyumba za aina ya vila zinahesabiwa kwa mita za mraba, na majengo mengine yana bei moja iliyokatwa.

Majengo ya ibada na ya kufundishia, yale yasiyotafuta faida, sheria inayaacha. Kwa hiyo madarasa yetu hayalipi, wala kanisa. Tusijivune kwa hilo. Mwalimu mwenye nyumba yake Katindo analipa, na mzazi mwenye kibanda cha mbao Majengo anaweza kuulizwa pia. Na wewe ambaye wazazi wako wanapanga nyumba, usiseme jambo hili halikuhusu. Kuna kodi nyingine juu ya pesa ya kupangisha, na mwenye nyumba akiona kodi zimepanda, mnajua wenyewe anayapeleka wapi: kwa mpangaji.

Kodi hii ni ya nani? Katiba, kifungu cha 204, inaiweka kati ya mambo ya jimbo, pamoja na kodi ya pesa ya kupangisha na kodi ya magari. Orodha ya kodi za majimbo na za miji ilipangwa kwa ordonnance-loi namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Katika Kivu ya Kaskazini, biro iliyowekwa kwa kazi ya kukusanya pesa za jimbo inaitwa kwa kifupi DGR-NK. Basi si kodi ya kupelekwa Kinshasa. Inatoka Himbi, Ndosho, Kahembe, Mabanga, nayo imepangwa kufanya kazi humu humu jimboni.

Hapo ndipo utamu wa jambo, na ubaya wake pia. Kodi ya forodha mpakani humwoni anayeilipa: imo ndani ya bei ya sabuni na mafuta. Lakini kodi ya parsele ina jina lako, ina namba ya avenyu yako, na inalipwa ukiwa umesimama juu ya kile kile kinacholipiwa. Mtu anayelipa kwa namna hiyo anatazama barabara mbele ya mlango wake. Anatazama mfereji wa maji. Anauliza bomba la maji litafika lini. Kodi nyingine hazimwambii mtu atazame hivyo.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Mama zetu wengi wako katika AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mmeona jinsi wanavyofanya. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Siku ya mkutano sanduku linafunguliwa mbele ya wote. Pesa inahesabiwa kwa sauti. Kila mama ana kitabu chake na alama zake. Hata yule asiyejua kusoma anajua ni kiasi gani kilikuwamo wiki iliyopita, kwa sababu kabla ya kufunga wote walikariri.

Angalieni vizuri: kufuli hazitoshi. Mwizi akitaka anavunja. Kinacholinda ile pesa ni kwamba watu ishirini au ishirini na tano wanajua hesabu ileile moja. Na kanisani ni vivyo hivyo: mashemasi wanahesabu matoleo wakiwa zaidi ya mmoja, kisha Jumapili inayofuata katibu anasoma mbele ya washiriki. Hakuna anayefikiri kwamba kusoma vile ni kumtukana mchungaji.

Sasa wale wale mama, wakitoka kwenye AVEC, wanakwenda kulipa kodi ya parsele, wanapewa risiti, na hapo habari inaisha. Mwaka unapita. Hakuna mtu anasoma kitu mbele yao. Sisi tunaona ni ajabu kwamba watu wanaodai hesabu kali namna ile kwa pesa ya wiki moja wamezoea kutodai hata neno moja kwa pesa ya mwaka mzima.

YALIYOPIMWA KANANGA

Wengine watasema haya ni maneno mazuri tu ya wanafunzi. Basi tutazame mahali ambapo jambo lilipimwa, tena katika inchi yetu wenyewe.

Mwaka wa 2016, mjini Kananga, Leta ya jimbo ilifanya kampeni ya kukusanya kodi ya nyumba. Mtafiti Jonathan Weigel alifuatilia jambo hilo pamoja nao. Mji uligawanywa katika sehemu 356. Katika sehemu nyingine, zilizochaguliwa kwa kura, wakusanyaji walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika nyumba na kuomba kodi. Katika sehemu nyingine mambo yalibaki kama zamani. Kule mambo yalikobaki kama zamani, waliolipa walikuwa 0.1 kwa mia, maana yake mmoja katika nyumba elfu. Kule walikopita, walifika 11.6 kwa mia.

Lakini hesabu inayotushangaza zaidi si hiyo. Baadaye Leta iliita mikutano, tena ikaweka karatasi za kuandika maoni juu ya kazi yake. Watu wa sehemu zilizoombwa kodi walikuja au waliandika zaidi kuliko wengine: kama watu 5 zaidi katika kila watu 100, ambayo ni ongezeko la 31 kwa mia. Tusisahau kwamba kwenda mkutanoni si bure. Ukihesabu saa na nauli, iliwagharimu karibu kiasi kile nyumba yao inachopata kwa siku moja. Walikwenda hata hivyo.

Maana yake nini? Tulikuwa tunafikiri kwamba mtu akiombwa kodi anakasirika na kujificha. Kumbe wengi, wakiisha kuombwa, wanaanza kuuliza. Hata wale ambao bado hawajalipa! Kuandikwa tu kwenye kitabu cha kodi kulimfanya mtu aone kwamba Leta inamjua, na yeye ana neno la kuiambia. Kwa hiyo tunafikiri si sawa kusema "tungojee kwanza watu walipe, ndipo tutawaonyesha hesabu." Kodi na swali vinazaliwa pamoja. Ukikubali kimoja, jiandae kupokea kingine.

Mwaka wa 2018 kampeni nyingine ilifanywa Kananga palepale. Safari hii katika sehemu nyingine wakusanyaji walikuwa machifu wa mitaa badala ya maajenti wa Leta. Machifu walipata zaidi, kwa sababu walijua nani ana uwezo wa kulipa na nani hana. Hili halitushangazi sisi tunaokaa na nyumbakumi. Nyumbakumi anajua nani amepata mshahara na nani amefiwa. Lakini kujua kwake kunaweza pia kumpa nafasi ya kuhurumia rafiki na kumbana adui, na hapo tunarudia swali letu la karatasi ya wazi.

TUFANYE HESABU

Tuchukue bei za Kananga za mwaka wa 2018: nyumba ya vifaa visivyodumu ililipa franka 3,000, na nyumba ya vifaa vya kudumu franka 13,200. Tuseme sasa kuna kartiye yenye nyumba 400. Nyumba 300 ni za mbao au udongo, 100 ni za kudumu. Wote wakilipa:

300 × 3,000 = 900,000
100 × 13,200 = 1,320,000
Jumla = 2,220,000

Kwa bei ya pesa ya wakati ule ni kama dolari 1,400 hivi. Sasa tuseme ni 12 tu katika kila mia wanaolipa, kama ilivyokuwa karibu katika sehemu walizopita mwaka wa 2016. Jumla inashuka hadi franka 266,400. Kama dolari 165.

Msomaji, dolari 165 zinafanya nini katika kartiye? Hazitengenezi barabara. Labda zinasafisha mfereji mmoja. Hata zile 1,400 haziwezi kuleta lami. Zitanunua mawe na saruji kwa ajili ya daraja dogo, basi. Hapa wengi wetu tutashangaa, maana tulifikiri kuna milima ya pesa. Na hii ndiyo faida ya hesabu ya wazi ambayo watu hawaisemi: inamlinda pia mfanyakazi mwaminifu. Shefu wa kartiye ambaye hakuiba kitu anatazamwa na watu kama mwizi, kwa sababu watu hawajui kwamba aliyopewa ni kidogo, au kwamba hakupewa kabisa. Karatasi ukutani ingemtetea kuliko hotuba kumi.

Tena kuna pesa nyingine ambayo wazazi wanachanganya na kodi hii. Katiba, kifungu cha 175, inasema kwamba katika mapato ya taifa yanayopatikana jimboni, 40 kwa mia zibaki jimboni palepale. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komine, sekta na sheferi inasema kwamba katika ile 40, sehemu ya 40 kwa mia iende kwao. Fanyeni hesabu: katika kila franka 100, 40 za jimbo, na katika hizo 40, 16 ni za miji, komine na sheferi. Kwa maandishi ni vizuri sana. Kwa matendo, kwa miaka mingi Kinshasa ilichukua zote na kurudisha kiasi fulani baadaye, ndilo neno "rétrocession" mnalolisikia kwenye radio. Basi burugumesta akilia kwamba hana pesa, pengine anasema kweli. Lakini bila karatasi tutajuaje kama analilia zile 16 ambazo hazikufika, au kodi zetu ambazo zilifika?

MAHALI WALIPOBANDIKA

Huko Uganda, jirani zetu, kuna habari inayojulikana sana. Si ya kodi ya nyumba, lakini inafundisha jambo lilelile. Kati ya 1991 na 1995 Leta ilikuwa inatuma pesa kwa shule za msingi kwa kadiri ya hesabu ya watoto. Watafiti walipotembelea shule, waliona kwamba kwa wastani 13 tu katika kila 100 ndizo zilizofika. Zilizobaki zilipotelea njiani, katika biro za wilaya. Baada ya hapo Leta ilianza kutangaza katika magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, tena shule zikaamriwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Mwaka wa 2001 zilizofika zilikuwa zaidi ya 80 katika 100. Watu wengine wenye elimu walisema baadaye kwamba magazeti peke yake hayakufanya kazi yote, kulikuwa na matengenezo mengine pia wakati ule. Tunakubali. Lakini jaribu kuiba pesa ambayo kila mzazi amesoma kiasi chake mlangoni mwa shule!

Karibu zaidi ni Kivu ya Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia, baadhi ya komine na sheferi zilianza bajeti ya pamoja, hata komine ya Ibanda mjini Bukavu. Wazo hili lilianzia Porto Alegre, huko Brazili, mwaka wa 1989: wakaaji wenyewe wanakutana na kuchagua kazi zipi zitangulie. Jambo jipya la Kivu lilikuwa simu. Watu waliitwa mkutanoni kwa SMS, na yaliyoamuliwa yalirudishwa kwao kwa SMS. Benki ya Dunia iliandika kwamba katika sehemu nyingine watu walianza kulipa kodi zaidi kuliko zamani. Sisi hatuoni muujiza hapo. Mtu aliyechagua mwenyewe kwamba darasa litengenezwe kabla ya soko anajua anacholipia. Neno moja tu: SMS haimfikii bibi asiye na simu, wala haibaki. Karatasi ya ukutani inabaki hata mvua inyeshe, kama imebandikwa ndani.

Tanzania walichukua njia nyingine kabisa. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni rahisi kukusanya, hakuna mkusanyaji wa kugonga mlango, hakuna rushwa mlangoni. Lakini kulikuwa na malalamiko: anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba. Tena sisi tunaona shida nyingine. Kodi inayokatwa kimya kimya inasahauliwa. Mtu hasimami tena mbele ya mtu mwingine na kuuliza: "Juu ya nini?" Ukikumbuka watu wa Kananga, utaona ni hasara.

NA HAPA GOMA?

Tuseme wazi hali yetu. Mwezi wa tano 2021 utawala wa kijeshi, ule "état de siège", uliwekwa katika jimbo letu na katika Ituri, na kazi ya wabunge wa jimbo ikasimamishwa. Ndio ambao kwa sheria wanapiga kura juu ya bajeti ya jimbo. Mabaraza ya komine, ambayo sheria ya 2008 inayataka, kwa miaka mingi hayakuchaguliwa. Kisha mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23, na benki zikafunga milango. Gazeti letu si uwanja wa siasa, na hatutaandika hapa nani ana haki ya kukusanya. Tunaeleza sheria kama ilivyoandikwa na mambo yaliyopimwa mahali. Lakini kila mmoja anaweza kuelewa shida ya mwenye parsele: wakubwa wanabadilika, yeye anabaki na risiti yake tu. Kama hakuna kitabu kinachojulikana na wengi, nani atashuhudia kwamba amekwisha kulipa? Kwa hiyo, wapendwa, mwambieni baba au mama aweke risiti zote pamoja, mahali pakavu, hata zile za zamani.

Na mji wetu una jambo lake lenyewe. Mwaka wa 2002, tarehe 17 Januari, Nyiragongo ilishusha moto mpaka katikati ya mji, nao ukafika ziwani. Parsele nyingi zilifunikwa. Wenyewe walirudi, wakapasua mawe, wakajenga juu ya lava. Mipaka ya zamani iko chini, mipaka mipya iko juu, na mara nyingine hazikubaliani. Mji wa namna hii hauwezi kutoza kodi kwa haki kama orodha ya parsele haiko wazi, kwa sababu jirani ndiye anayekumbuka mwembe ulisimama wapi. Orodha ikifungiwa kabatini, anayeshinda ni mwenye kujuana na karani.

KAZI YA MWANAFUNZI

Sasa tunafika kwa jambo linalotuhusu sisi. Hata Leta ikitoa hesabu yake leo, wazazi wengi hawataweza kuisoma. Inaandikwa kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha biro. Sisi tunajifunza Kifaransa na hesabu kila siku. Kama sisi hatuwezi kusoma karatasi ile, nani nyumbani ataisoma?

Kwanza tujue kwamba kuna karatasi mbili, si moja. Ya kwanza ni bajeti. Inasema yale yanayotarajiwa: tutapata kiasi hiki, tutafanya kazi hii. Ya pili inaitwa "reddition des comptes", maana yake kutoa hesabu. Inasema yale yaliyofanyika kweli. Watu wanapenda sana kuonyesha ya kwanza, kwa sababu ndoto haina aibu. Ya pili ndiyo yenye kazi. Katiba, kifungu cha 180, inaipa Cour des comptes kazi ya kuchungua hesabu za Leta, za majimbo na za miji pia.

Katika karatasi hizo mtaona safu mbili za tarakimu zikisimama karibu karibu. Moja ina neno "prévisions", yaliyotazamiwa. Nyingine ina "réalisations", yaliyotimizwa. Msianze kusoma kutoka juu. Wekeni kidole kati ya safu hizo mbili na mtafute mahali ambapo tofauti ni kubwa. Mkiona "entretien des routes" imetazamiwa nyingi na kutimizwa sifuri, na "frais de mission", yaani pesa za safari za wakubwa, zimetimizwa mara mbili ya zilizotazamiwa, hamhitaji diploma ili kuelewa. "Recettes propres" ni mapato ya jimbo lenyewe, humo ndimo kodi ya parsele inapohesabiwa. "Rémunérations" ni mishahara. Mtu asikasirike akiona mishahara: mzoa taka naye anakula.

Karatasi ya kubandika kwenye biro ya kartiye isingekuwa na haja ya kuwa ndefu. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nyumba ngapi zimeandikwa, ngapi zimelipa, jumla ni franka ngapi, kiasi gani kimepanda kwenda jimboni, kiasi gani kimerudi, kimefanya nini na katika avenyu gani. Chini, tarehe na sahihi. Majina ya wasiolipa yasiwekwe. Wengine wamefikiri kuyaweka ili kuwaaibisha, lakini katika mji kama wetu kutaja jina la mtu ukutani, pamoja na neno pesa, ni kumwitia wezi au ugomvi.

Hatuwaambii wanafunzi waende biro kudai karatasi hii. Wakati haufai, na mtoto asitumwe mahali mtu mzima anaogopa kwenda. Lakini kuna hesabu zilizo karibu nasi. Komite ya wazazi ina hesabu yake, na mkutano wake ujao mzazi yeyote anaweza kuomba isomwe kwa Kiswahili. Kikundi cha mama nyumbani kina kitabu. Gazeti hili nalo lina hesabu: karatasi, wino, na pesa mliyotoa kila mmoja. Tumeiandika katika safu mbili, na kuanzia Jumatatu iko kwenye ubao karibu na mlango wa prefe. Safu ya "yaliyotazamiwa" na safu ya "yaliyotimizwa" hazilingani kwenye mstari wa wino. Atakayeona kwa nini, aje atuulize wakati wa mapumziko.